Kichwa cha treni kilichogoma kwenda polepole

Jamani, leo siasa naziweka pembeni. Naandika kuhusu treni ya kuchezea, na msinicheke.

Nilipokuwa nasoma Liverpool nilipanga chumba kwa mzee mmoja. Sebuleni alikuwa na kichwa cha treni cha Hornby Dublo cha miaka ya 1950, alichoachiwa na kaka yake marehemu. Ukikipa umeme mwingi, kinachomoka kama mshale. Ukipunguza ili kiingie stesheni taratibu, kinashtuka, kinasita, kinazima. Fundi alimshauri abadilishe mota. Mzee akakataa katakata.

Frank Hornby alizaliwa mji huohuo. Mwaka 1901 alipata hataza ya Meccano, na mwaka 1920 zikaja treni zake. Alifariki 1936. Miaka miwili baadaye kiwanda cha Binns Road kikatoa Dublo, treni ndogo za kutosha mezani, zenye mota ya volti 12 iliyochukua umeme kutoka reli ya tatu, ya katikati. Za reli mbili zilikuja 1959. Mwaka 1964 kampuni ikamezwa na Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang.

Kwa nini tatizo huonekana kwenye mwendo mdogo tu? Kwa sababu kasi huficha maovu. Treni ikiwa mbioni huruka juu ya uchafu, lakini ikitambaa, kila doa ni kituo.

Basi tukaanza nje kwenda ndani. Tulisugua reli, magurudumu na kile kibati kinachoburuzika juu ya reli ya kati. Afadhali kidogo. Tukatazama kaboni za mota: zilikuwa hazijaisha. Tukachokonoa kwa kijiti masizi yaliyojaa kwenye mianya ya shaba inayoguswa na kaboni. Tukafuta oili ya zamani iliyoganda kama gundi, tukatia tone moja jipya. Bado kilisita, na mota ikachemka.

Ikabaki sumaku. Katika mota za aina ile, ukichomoa amecha bila kuziba nafasi yake kwa kipande cha chuma, sumaku hupoteza nguvu. Mota hula umeme mwingi, hupata joto, na kwenye mwendo mdogo haina msuli.

Nikauliza, nani aliwahi kuichomoa amecha?

Mzee akanyamaza. Kisha akasema: "Mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kaka ndiye aliyechapwa." Hakuwahi kumwambia.

Tulikipeleka kwa fundi mwingine mwenye mashine ya kurudishia sumaku nguvu. Kazi yenyewe haikumaliza hata dakika tano. Jioni ile kichwa kiliingia stesheni kikitambaa kama jongoo, kikasimama penyewe. Mzee alikirudisha mwanzo, akakiendesha tena, na tena. Chai yangu ilipoa nikimtazama.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye siasa.