Ugeni wa Kurejea

Mtu aliyekaa ughaibuni miaka mingi akirudi kwao hupatwa na hali ambayo wataalamu wa jamii wameipa jina la Kiingereza, "reverse culture shock". Tafsiri inayokuja haraka ni "mshtuko wa kitamaduni wa kurudi nyumbani". Ni ndefu, na kwa maoni yangu inapotosha.

Dhana ya mshtuko wa kitamaduni ilienezwa na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, hasa kwa makala yake ya 1960, akieleza wasiwasi wa mtu anayeingia nchi ya watu na kukosa alama alizozizoea: wakati wa kucheka, namna ya kusalimia, jinsi ya kukataa bila kuudhi. Miaka mitano kabla yake, Sverre Lysgaard alikuwa amechunguza Wanorwe 200 waliowahi kukaa Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kwamba furaha ya mwanzo hushuka, kisha hupanda tena, kama herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili: anayerudi kwao hushuka na kupanda upya, na mchoro mzima ukawa W. Alfred Schutz, aliyekimbia Vienna na kuishia New York, alikuwa ameshaandika mwaka 1945 juu ya askari warudio kutoka vitani. Hoja yake naikubali kabisa: arudiye si yule aliyeondoka, na nyumbani nako si kule alikokuacha.

Sasa, kushtuka ni jambo la ghafla. Mlango ukibamizwa, unashtuka, basi. Hali hii huchukua miezi. Ndiyo maana napendekeza "ugeni wa kurejea". ("Ugeni wa marejeo" ungependeza zaidi masikioni, lakini orodha za vitabu zimeshaliteka neno hilo.) Ugeni tunaujua: ni kutojua pa kukaa, kungoja kuonyeshwa. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Arudiye hapewi hata hizo. Jembe analikuta uwanja wa ndege, kwa sababu hakuna anayemwona kuwa ni mgeni: kuna ada za watoto wa kaka, kuna kikao cha harusi Jumamosi, na yeye bado anashangaa kwa nini foleni haina mstari.

Lakini kuna sehemu ambayo michoro ya U na W haionyeshi. Ugeni wa kurejea huanzia kwenye kuondoka. David Pollock, Mmarekani aliyefanya kazi na watoto waliokulia nchi za ugenini, alifundisha hatua nne za kuondoka vizuri: kusuluhisha palipoharibika, kuwashukuru watu, kuaga, kisha kufikiria uendako. Nilipozisoma nilifurahi, maana hatua ya kwanza na ya tatu Kiswahili kimeziweka katika neno moja, buriani. Wanaopeana buriani wanaagana na papo hapo wanasameheana.

Mimi mwenyewe niliishi Leipzig, Ujerumani, na kuupenda mji ule kweli: misitu yake ya kando ya mto inayonuka kitunguu saumu kila masika ya Ulaya kwa sababu ya majani pori, madaraja ya mfereji wa Karl-Heine, tramu namba 11 ikielekea Markkleeberg na mimi kiti cha dirishani. Ujerumani humtaka anayehamia nje ajiondoe katika daftari la wakazi. Nilipohama nilipewa karatasi ya uthibitisho, na kwa serikali nikawa nimekwisha ondoka. Kwangu bado. Mji huagwa, wala hauwezi kuagana nawe; hauna kinywa cha kukujibu. Wenye vinywa ni watu wake, na kwa jirani wa ghorofa ya chini nilikuwa na deni. Tulikuwa hatusemezani tangu majira ya baridi, kwa sababu ya kelele za wageni wangu usiku. Nikamgongea mlango, nikamwomba radhi kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Naye akaniomba radhi kwa maneno aliyonitamkia ngazini siku ile, kisha akachemsha kahawa.

Ugeni wa kurejea ulinipata hata hivyo, Dar es Salaam, na ulidumu mpaka masika yakapita. Niliikumbuka Leipzig kila siku, lakini kumbukumbu hizo hazikuwa na majuto ndani yake.