Ritifaa na Kwetu

Watoto wetu tunaowalea hapa Uingereza hufundishwa mapema shuleni kuandika “my mother’s house”. Wakikosea pahala pa ritifaa, alama ile ile tuiandikayo katika neno ng’ombe, daftari hurudi na wino mwekundu. Basi si vibaya tukajua alama hiyo ilikotoka.

Kiingereza cha kale hakikuwa nayo. Nomino nyingi zilitiwa -es mwishoni kuonyesha mwenye kitu: cyning ni mfalme, cyninges ni “ya mfalme”. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa muda mrefu. Kifaransa hutaja kitu kwanza, kisha mwenyewe, kwa neno de, kama sisi tusemavyo nyumba ya mama. Kiingereza nacho kikazidi kulitumia hivyo neno lake la zamani, of. Lakini -s yake hakikuitupa.

Ritifaa ilikuja na wachapishaji katika karne ya 16, kuonyesha herufi iliyodondoka. Karne hiyo na iliyofuata, wako walioandika “the king his house”, wakidhani -s ile ni kifupi cha his, yaani “yake”. Hata leo mambo hayajatulia: mwaka 2009 baraza la jiji la Birmingham liliamua kutotia ritifaa katika vibao vya mitaa. Mtoto akikosea, tusimwone mjinga.

Lakini liko zito kuliko wino mwekundu. Kiingereza kina kitenzi cha kumiliki, have. Sisi husema “nina nyumba”, yaani mimi pamoja na nyumba. Na mtu hata akiwa peke yake husema “kwetu”, kwa kuwa pahala hapo ni pa wazee, ndugu na waliotangulia. Mtoto akiulizwa “kwenu wapi?” akajibu mtaa na namba ya nyumba, tujue swali halikumfikia.

Waingereza walitawaliwa, wakapokea njia ya wageni, na ya kwao wakabaki nayo. Watoto wetu nao waweza kubeba zote mbili. Ritifaa watafundishwa na mwalimu. Neno “kwetu” hakuna shule ya hapa itakayowafundisha. Kazi hiyo ni yetu, mezani wakati wa chakula na kwenye simu wanapozungumza na bibi.