Neno la herufi 45 lilitoka wapi?

Wapenzi wa maneno, leo tuache PHP kidogo. Mtu akitaka kutamba kwa Kiingereza hukutolea hili: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Herufi 45, zihesabu. Ukilikata vipande, pneumono ni mapafu, ultramicroscopic ni kitu kidogo mno hata kwa hadubini ya kawaida, silico ni madini ya mchangani, volcano ni volkeno, na coniosis ni ugonjwa wa vumbi. Basi ni kuugua mapafu kwa kuvuta vumbi laini la volkeno.

Ukidhani lilitungwa na daktari, hapana. Ni mchezo. Mwaka 1935 National Puzzlers' League, chama cha wapenda mafumbo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1883, kilikutana New York, na Everett M. Smith aliyekuwa rais wake akatoa neno hilo. Sifa yake ilikuwa urefu tu. Gazeti la New York Herald Tribune likaliandika tarehe 23 Februari, na kufikia 1939 lilikuwa limeingia kwenye nyongeza ya kamusi ya Merriam-Webster. Miaka 4 tu! Kamusi ya Oxford nayo inalo, ila inakuonya kwamba ni la kubuni.

Mimi kinachonisumbua ni ule ugonjwa, maana upo kweli. Madaktari huuita silicosis, herufi 9 basi. Kuanzia 1930, huko Hawks Nest, West Virginia, vibarua wengi wao weusi walichimba handaki kwenye mwamba uliojaa silika, wakitoboa bila maji ya kutuliza vumbi. Walikufa kwa mamia. Bunge la Marekani lilianza kusikiliza ushahidi Januari 1936, miezi 11 baada ya gazeti kuchapisha neno la mafumbo. Lile refu likapata umaarufu hadi leo. Hao vibarua, uliza wangapi wanawajua.

Haya, na kwenye Scrabble je? Alfred Butts, msanifu majengo aliyebuni mchezo huo baada ya kukosa kazi miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue kila moja iwe na vigae vingapi. Ubao una nafasi 15 kwa 15, kwa hiyo neno la Smith lingetaka mbao 3 bega kwa bega. Hata hapo linakwama. Niliandika mistari michache ya Python kuhakikisha: lina O 9 na C 6, wakati seti ya Kiingereza ina O 8 na C 2. Vigae vitupu ni 2 tu, havitoshi.

Silicosis inaingia bila shida, ukipata herufi mbili za kuegemea ubaoni. Thamani ya herufi zake ni pointi 11, sawa na qi.