Magombera: Msitu uliotoka katika hati ya kiwanda cha sukari

MSITU wa Magombera, uliopo Bonde la Kilombero kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa miaka mingi sehemu yake ilimilikiwa na Kampuni ya Sukari Kilombero.

Kisheria, hati haimpi mtu wanyama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa mwenye hati haki ya kutumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na wanyamapori ni mali ya umma. Hata hivyo, makazi yao, yaani miti, kivuli na maji, hubaki mikononi mwa anayeamua kipandwe nini. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye haonekani kwingine duniani, hawezi kuishi kwenye miwa.

Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kinyonga mpya, Kinyongia magomberae, aliyegunduliwa humo baada ya kutemwa na nyoka.

Kampuni ililiachia eneo lake, na mwaka 2019 Serikali ikautangaza msitu huo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Vijiji jirani, vilivyozoea kuokota kuni na kukata nguzo humo, bado vinahitaji nishati ya kupikia.