Mwisho wa Gurudumu: Mizigo, Kamba na Winchi katika Njia ya Nyakalengija

Nyakalengija ni kijiji cha bonde la mto Mubuku, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini Kasese, magharibi mwa Uganda. Barabara ya magari inaishia hapo. Anayekwenda kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, hushuka garini, na mzigo wake huhamia mgongoni mwa mtu. Mahali pa kubadilishana mzigo namna hiyo hapakuwa Nyakalengija tangu mwanzo. Palisogea kidogo kidogo kutoka pwani ya Ziwa Viktoria hadi chini ya milima ya Rwenzori, kila mara nguvu mpya ya kuvuta ilipopatikana: garimoshi, lori, gari la magurudumu manne yenye nguvu, na mwisho winchi.

Kabla ya hayo yote mzigo mkuu wa tambarare za Kasese ulikuwa chumvi. Ziwa Katwe, lililo ndani ya shimo la volkeno karibu na Ziwa Edward, liliwalisha chumvi watu wa Toro, Ankole na upande wa Kongo. Biashara hiyo ilikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1891 Frederick Lugard alijenga ngome papo hapo Katwe, akaiita Fort George. Chumvi ilisafiri kwa mitumbwi, kwa vichwa na kwa migongo. Wakonzo wa miteremkoni walikuwa na namna yao ya kubeba, inayofaa mlimani kuliko kujitwika kichwani. Mzigo hufungwa mgongoni na ukanda mpana hupitishwa juu ya paji la uso. Mbebaji huinama kidogo mbele, uzito ukashukia shingo na uti wa mgongo, na mikono yote miwili hubaki huru kushika fimbo, mizizi na mawe. Katika njia yenye utelezi, mikono iliyo huru ndiyo inayomwokoa mtu na korongo.

Wageni waliotaka kuufikia mlima walijifunza jambo hilo polepole. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alifika Mombasa na shehena kubwa ya mahema, vyakula, vyombo vya kupimia na bamba za kioo za mpiga picha Vittorio Sella. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilimvusha nyika za Kenya, na meli ikamvusha ziwa hadi Entebbe. Reli na meli ziliishia hapo. Kutoka Entebbe hadi Fort Portal, kisha hadi bonde la Mubuku, kila kitu kilikwenda kwa msafara wa mamia ya wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya zama hizo ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Waganda waliotoka tambarare hawakuzoea baridi ya juu wala matope yake, hivyo mlimani kazi ilishikwa na Wakonzo. Kambi kuu iliwekwa chini ya mwamba wa Bujongolo, na tarehe 18 Juni 1906 Margherita ikafikiwa. Vitabu hutaja Duke huyo na waongozaji wake wa milima ya Alpi kwa majina. Majina ya waliobeba bamba za Sella bila kuzivunja, wakivuka mabwawa na mizizi, hayakuhifadhiwa kwa uangalifu kama huo, na hilo ni pengo kubwa katika historia ya mlima huu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na shaba. Kampuni ya migodi ya Kilembe iliundwa mwaka 1950, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili kuichukua shaba hiyo hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja. Mji wa Kasese ulikua kwa haraka. Wafanyakazi walitoka pande nyingi za Uganda na nchi jirani, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya soko, kama kilivyo katika mji wa Bwera kwa sababu ya mpaka wa Kongo. Mto Mubuku nao uliwekewa mitambo ya umeme kwa ajili ya mgodi. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 wapanda milima waliweza kufika Ibanda, chini kidogo ya Nyakalengija, kwa gari. Safari ya wiki kadhaa kwa miguu ilikuwa imebaki kilomita chache za barabara ya udongo.

Kilomita chache hizo ndizo zenye taabu. Bonde hupokea mvua katika misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Udongo wake ukilowa hushika gurudumu na kulifyonza, na mito inayoshuka kutoka mlimani hufurika ghafla: Nyamwamba ilipofurika tarehe 1 Mei 2013 ilibomoa nyumba na madaraja ya Kilembe. Katika barabara za namna hiyo gari aina ya Land Rover, lililotokea mwaka 1948, lilipata sifa kote Afrika Mashariki. Pamoja na magurudumu manne yenye nguvu, lingeweza kufungiwa winchi mbele, iliyozungushwa na injini yenyewe.

Winchi hizo za mwanzo zilikuwa ngoma fupi iliyosimama wima kwenye bampa. Kamba ya nyuzi ilifungwa kwenye mti, ikazungushwa mara tatu au nne juu ya ngoma, na mtu akasimama akivuta ncha iliyobaki. Akilegeza mkono, kamba iliteleza na gari likatulia; akikaza, gari lilitambaa. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini mtambo haukuchoka: maadamu injini inanguruma, ungeweza kuvuta kutwa nzima. Baadaye zikaja ngoma za kulala zenye waya wa chuma, zikiendeshwa kwa mhimili kutoka kwenye gia. Nyingi ziliwekewa pini dhaifu iliyokusudiwa ivunjike mzigo unapozidi, ili gia zisivunjike. Dereva mzoefu wa gari la aina hiyo hakutoka bila pini za akiba.

Winchi ya umeme ilikuja kutoka Marekani. Kampuni ya Warn, iliyoanzishwa na Arthur Warn mwaka 1948, ilitoa winchi ya umeme kwa magari ya burudani mwaka 1959, na mwaka 1974 ikatoa modeli ya 8274, yenye uwezo wa ratili 8,000, karibu tani 3.6. Afrika Mashariki uwanja mkubwa wa kuzijaribu ukawa Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Humo washindani hutafuta njia fupi kuliko wenzao, si ya haraka, na gari hupanda pale ambapo lisingepanda bila kamba.

Umeme ulileta urahisi pamoja na udhaifu wake. Mota ikivuta kwa nguvu zote hunywa zaidi ya ampea 400, kiasi ambacho jenereta ya gari haiwezi kurudisha. Betri hushuka, mota huchemka, na mvutaji asiyepumzisha mtambo kila baada ya dakika moja au mbili huunguza nyuzi zake. Ndiyo maana anayenunua winchi kwa ajili ya njia ya milimani hutazama betri na nyaya za umeme kwanza. Nyaya nyembamba zinaua winchi nzuri.

Kipimo cha uwezo nacho kilitokana na uzoefu wa miaka mingi. Kanuni iliyokubalika ni uzito wa gari likiwa limejaa, mara moja na nusu. Land Cruiser ya kubeba watalii, yenye tani 3 pamoja na shehena, inahitaji winchi ya tani 4.5, yaani takriban ratili 10,000. Namba iliyoandikwa kwenye mtambo ni ya mzingo wa kwanza tu wa waya, ule unaogusa ngoma. Kila mzingo unaopanda juu yake hupunguza nguvu kwa sehemu ya kumi au zaidi, kwa hiyo waya uliotolewa nusu tu huvuta kidogo kuliko mnunuzi anavyodhani. Majedwali ya jeshi ya kunasulia magari yanatisha zaidi: gari lililozama hadi katikati ya magurudumu hudai nguvu sawa na uzito wake, na lililozama hadi juu ya matairi hudai mara mbili. Hapo kapi ni ya lazima. Waya ukipitishwa kwenye kapi iliyofungwa mtini na kurudishwa kwenye gari, mvuto unakaribia kuongezeka maradufu na mwendo unapungua kwa nusu. Kapi moja imara ina faida kuliko tani moja ya ziada iliyoandikwa kwenye boksi.

Halafu kuna suala la mahali pa kufungia. Bonde la Mubuku limejaa migomba na mibuni, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaobeba mvuto wa tani. Mikalitusi iliyokomaa hufaa, ikifungwa chini kabisa ya shina kwa ukanda mpana usiokata gome. Pasipo mti, tairi la akiba huzikwa ardhini na kamba ikafungwa humo. Waya wa chuma huvumilia mawe na mchanga, lakini ukikatika hurudi kwa kishindo chenye kuua, na ndiyo sababu koti au blanketi hutundikwa juu yake kabla ya kuvuta. Kamba za nyuzi za plastiki ngumu, zilizoenea baada ya mwaka 2000, ni nyepesi na hazirudi kwa ukali huo. Adui zake ni jua, joto la breki iliyo ndani ya ngoma, na kokoto.

Upande wa Bwera hali ilikuwa nzito zaidi. Malori yanayovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, Beni na Butembo yalibeba tani nyingi kuliko winchi yoyote ya gari dogo, na yaliponasa yalinasuliwa na taniboi kwa majembe, magogo, minyororo na winchi za mkono, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Mwezi Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walizindua pale Mpondwe ujenzi wa kilomita 223 za barabara, zikiwemo 80 kutoka Kasindi hadi Beni.

Juu ya Nyakalengija hakuna mtambo uliowahi kuchukua nafasi ya mgongo. Mabati, mbao na misumari ya vibanda vya Klabu ya Milima ya Uganda vilipandishwa na Wakonzo, chini ya uongozi wa miongo kadhaa wa John Matte wa Ibanda, ambaye jina lake limepewa kibanda cha mita 3,414. Mwaka 1987 wenyeji walianzisha Rwenzori Mountaineering Services, na kazi ya upagazi ikawa na ofisi, zamu na mizani ya kupimia mzigo kabla ya kuondoka. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 mlima ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Waasi wa kundi la ADF (Allied Democratic Forces) walipovamia Mpondwe Novemba 1996 na vita vikapanda mlimani, hifadhi ilifungwa kutoka 1997 hadi 2001, na familia nyingi za bonde zikakosa ujira huo.

Kutoka lango hadi kibanda cha Nyabitaba kuna kilomita 10 hivi na kupanda kwa mita 1,000, kazi ya saa tano. Mgonjwa wa mwinuko au aliyevunjika mguu huko juu hushushwa kwa njia hiyo hiyo: machela hutengenezwa, wapagazi hupokezana, na watu kadhaa huvuka naye mabwawa ya Bigo na mawe ya Bujuku hadi Nyakalengija, ambako gari husubiri kumpeleka hospitali.