Samaki wa Bwawa na Soko la Mpakani

Msomaji, ukipita katika masoko ya Busia au Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, utaona omena waliokaushwa juani, mbuta waliokaangwa na ngege waliobanikwa kwa moshi. Je, samaki wanaofugwa mabwawani nao waweza kuhifadhiwa hivyo, wampatie mfugaji faida? Historia na hesabu zitatujibu.

Tangu kale wakazi wa kando ya Ziwa Victoria walijua kwamba samaki huoza upesi. Kwa hiyo waliwapasua wakawaanika, au wakawabanika juu ya moto wa kuni, kama watu wa Pwani walivyofanya ng'onda kwa chumvi na jua. Samaki mkavu hudumu, tena ni mwepesi kuchukuliwa. Ndiyo sababu husafiri mbali.

Ufugaji ulikuja baadaye. Majaribio ya kufuga ngege nchini Kenya yalianza katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1960 Serikali iliwahimiza wakulima wachimbe mabwawa. Mengi yaliachwa, kwa kukosa vifaranga bora na mafunzo. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango mpya wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, yaani mabwawa 28,000. Wakulima wa Busia nao walishiriki.

Sasa tufanye hesabu. Kadiri ya robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji. Kilo 10 za samaki wabichi, wakikaushwa sana, hubaki kilo 3 hivi. Basi bei ya kilo moja ya mkavu isipozidi mara tatu ya bei ya mbichi, heri mfugaji auze wabichi, kwani bado hajalipia kuni, chumvi na kazi. Zaidi ya hayo, samaki wa ziwani hakulishwa na mtu, bali wa bwawani hulishwa kwa fedha. Kwa kawaida chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote. Wakishindana katika kapu moja la samaki wakavu, ni vigumu wa bwawani kushinda.

Walakini usidhani kwamba kuhifadhi hakuna maana. Mabwawa mengi yakivunwa kwa wakati mmoja, wanunuzi huwa wachache, na mchuuzi ajuaye kwamba samaki wako wataoza jioni ndiye atajaye bei. Mwenye barafu au tanuri la moshi aweza kungoja kesho; na wafugaji wakishirikiana, gharama ya tanuri hugawanyika. Mwezi wa Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi ili kupunguza kungoja. Lakini mpaka mwepesi haumfai mwenye mzigo uliokwisha kuoza.

Basi siku utakaposhika jembe kuchimba bwawa, jiulize kwanza: samaki hawa nitamwuzia nani, na wasiponunuliwa leo, watalala wapi?