Pasentaili: Kuamua Kati ya GMAT na GRE

Pasentaili ni kipimo cha takwimu kinachoonyesha, katika kila watahiniwa 100, ni wangapi waliopata alama za chini kuliko mtahiniwa fulani. Aliye kwenye pasentaili ya 80 amewapita 80 kati yao. Neno lenyewe limetoholewa, na maana yake yaweza kuelezwa kama nafasi ya asilimia. Kuliita asilimia tu kunapotosha, kwani asilimia humfanya msomaji afikirie sehemu ya maswali yaliyojibiwa sawasawa. Mtahiniwa wa Tanzania, aliyezoea kuwa A ya kidato cha nne huanzia alama 75, akikuta 52 kwenye safu ya pasentaili huweza kudhani amekosa karibu nusu ya maswali, kumbe amewapita zaidi ya nusu ya washindani wake.

Kipimo hiki kinahitajika sana pale mwombaji wa shahada ya uzamili ya biashara anapopata alama zisizomridhisha kwenye mtihani wa GMAT na kufikiria kuhamia ule wa GRE. Mizani ya mitihani hiyo haifanani. GMAT ya sasa hutoa jumla ya kati ya 205 na 805, itokanayo na sehemu tatu: hesabu, lugha na uchambuzi wa data. GRE hutoa alama 130 hadi 170 kwa lugha, 130 hadi 170 kwa hesabu, na 0 hadi 6 kwa uandishi.

Hata ndani ya GMAT mizani imebadilika. Toleo jipya lilianza mwishoni mwa 2023, na la zamani lenye kilele cha 800 likaondolewa mapema 2024. Alama 645 za sasa zinakaribiana kwa pasentaili na 700 za zamani. Hivyo mwenye 645 anayejipima kwa vitabu vya zamani huweza kukata tamaa na kubadili mtihani bila sababu.

Hata hivyo, pasentaili ya mtihani mmoja haihamishiki kwenda mwingine, kwa kuwa washindani ni tofauti. GRE hufanywa pia na wengi wanaoomba masomo ya juu ya sayansi na uhandisi, watu hodari wa hesabu. Ndiyo maana 160 ya hesabu huangukia karibu na katikati ya kundi, ilhali 160 ya lugha huwapita watahiniwa zaidi ya 80 katika kila 100.

Kinachofuata ni kuangalia pasentaili ya kila sehemu ili kujua alama zilipotelea wapi. Hesabu za GMAT hufanywa bila kikokotoo, nazo hazina jometri. GRE huruhusu kikokotoo cha kwenye skrini, lakini jometri imo. Aliyeangushwa na ukokotoaji wa haraka, au na uchambuzi wa data, anaweza kupata nafuu kwenye GRE, ambayo haina sehemu ya pekee ya uchambuzi huo. Aliyeangushwa na ufahamu wa Kiingereza hatapata nafuu hiyo, maana GRE huongeza maswali ya msamiati mgumu.

Uthibitisho hupatikana kwa kufanya jaribio moja kamili la GRE kwa muda uliopangwa, kisha kulinganisha kila matokeo na wastani wa wanafunzi waliopokelewa na chuo kinachoombwa, GMAT kwa GMAT na GRE kwa GRE. Pengo la GRE likiwa dogo waziwazi, kuhama kuna maana. Mapengo yakilingana, ni afadhali kurudia GMAT, ambayo maandalizi yake yameshafanyika. Kurudia huruhusiwa baada ya siku 16 kwa GMAT na siku 21 kwa GRE, na kila mtihani hufanywa mara tano tu kwa jumla ndani ya miezi 12, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kuomba chuo lazima izingatiwe kabla ya kulipia mtihani wowote.